Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

Watu wanapozungumza juu ya uwajibikaji wa watumishi wa umma, aghalabu fikra zao huelekea kwenye majumba makubwa: Bunge, mahakama, ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, makao makuu ya polisi. Huko ndiko vitabu vinakofunguliwa, na huko ndiko watu wanakoitwa wajieleze. Hapana ubaya kufikiri hivyo, maana kazi hiyo ni ya majumba hayo. Lakini fedha ya haramu haina desturi ya kulala ofisini. Jioni ikifika huongozana na mwenyewe hadi nyumbani. Huingia mlangoni ikiwa ni kilo tano za nyama, ikiwa ni karo ya mtoto, ikiwa ni mabati ya chumba cha uani. Anayeipokea, akaipika na kuipakua, si mkaguzi wala hakimu. Ni mke, au ni mume, au ni mama mzazi. Na watoto hula wakashiba pasipo kuuliza.

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Mpita njia huuona mtungi kwa nje, akausifu kwa umbo lake na kwa ubaridi wa maji yake. Kata huingia ndani kila siku. Ndiyo inayojua kama maji ni safi, na ndiyo inayoligusa tope la chini. Nyumba ya mtumishi wa umma, awe mwanajeshi, polisi, karani au mkuu wa idara, ni mtungi wa namna hiyo. Sheria huutazama kwa nje kadiri ya uwezo wake. Waliomo ndani ndio kata.

Nyamirambo ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Mtaa huo wa jiji la Kigali umepanda miteremko iliyo karibu na Mlima Kigali, katika wilaya ya Nyarugenge, na ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya mji huo ulioanzishwa mwaka 1907. Hapo pana Msikiti wa Al-Fatah, ambao hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1913, na hapo Kiswahili kimekuwa lugha ya dukani, ya harusini na ya matangani kwa vizazi kadhaa. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wazee wa Nyamirambo hawakuwa na haja ya kwenda darasani.

Nyumba za huko zimekaribiana kiasi kwamba kitunguu kikikaangwa kwa huyu, yule wa pili hujua kitakacholiwa. Askari na polisi wanaoishi mtaani humo pamoja na jamaa zao hawana ukuta wa kambi wa kuwaficha. Likiingia jokofu jipya, mtaa umeliona. Mtoto akihamishwa kutoka shule ya kawaida kwenda shule ya gharama, mtaa umehesabu. Lakini jicho la jirani, ingawa ni kali, halina hati. Jirani haoni mkopo wa benki, haoni urithi wa shambani, wala haoni upatu uliochezwa kwa miezi kumi. Kwa hiyo anachokiona hugeuka kuwa fununu, na fununu ina dhuluma mbili: humchafua mwenye mikono safi, na haimtishi mwenye mikono michafu. Ndiyo maana mataifa yameona haja ya kuwa na jicho jingine, lenye kalamu na lenye mamlaka.

Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilianzisha chombo ambacho kwa Kinyarwanda huitwa Urwego rw'Umuvunyi. Umuvunyi ni mtetezi, mtu anayesimama upande wa aliyezidiwa. Wa kwanza kushika wadhifa huo alikuwa Tito Rutaremara. Desemba 2020 aliteuliwa Madeleine Nirere. Chombo hicho husikiliza malalamiko ya wananchi wanaoonewa na ofisi za umma, hupambana na rushwa, na hupokea maelezo ya mali za viongozi. Hakiko peke yake katika kazi hiyo. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilianzishwa mwaka 1998, na mwaka 2011 Bunge liliunda Kamati ya Hesabu za Umma, ambayo huwaita wakuu wa mashirika na wa wilaya wajibu hoja za ukaguzi hadharani.

Wanaotakiwa kueleza mali zao si mawaziri na wabunge tu. Wamo majaji na waendesha mashtaka, viongozi wa wilaya, watoza kodi, maofisa wa jeshi na wa polisi waliotajwa na sheria, na wale wanaosimamia fedha za umma. Mtu hueleza mali yake aingiapo kazini, hueleza tena kila mwaka kabla ya kwisha tarehe 30 Juni, na hueleza mara ya mwisho atokapo. Wala sharti hilo haliishii kwake mwenyewe; mali ya mwenzi wake wa ndoa na ya watoto wao wadogo huhesabiwa pia. Maelezo yakishapokewa, baadhi huchaguliwa yakahakikiwe, na swali kuu la wahakiki ni moja: mali hii imetoka wapi?

Katika nyumba moja ya Nyamirambo, swali hilo lilifika mezani kabla halijaulizwa na mtu yeyote wa serikali.

Mwenye nyumba hiyo ni ofisa wa polisi ambaye cheo chake kilimtaka ajaze maelezo hayo. Wakati huo saini yake ndiyo iliyoliruhusu gari la abiria liendelee na kazi, au likazuiliwa hadi litengenezwe. Mkewe ni fundi wa kushona. Chumba cha mbele cha nyumba yao, kile kinachotazama njia, ndicho duka lake. Humo alikuwa na cherehani moja ya miguu, na wateja wake wakubwa walikuwa wazazi wanaoshonesha sare za shule. Alichokikosa ni mashine ya ovaloki. Kila nguo aliyoimaliza ilimbidi aipeleke kwa fundi mwingine ikapigwe ovaloki, akalipa, na sehemu ya faida ikabaki huko. Alikuwa amemwomba mumewe wakope wanunue mashine hiyo. Mume alimjibu angoje, kwa kuwa deni la kiwanja walilokopa Zigama CSS, ile akiba na mikopo ya wanajeshi na polisi, lilikuwa bado halijakwisha.

Siku ya Idi alifika mfanyabiashara mmoja mwenye magari ya abiria, mtu anayesali msikiti mmoja na bwana mwenye nyumba. Bwana mwenyewe alikuwa zamu. Mgeni alishusha mashine ya ovaloki ya umeme, mpya, ingali ndani ya boksi lake.

"Shemeji," alisema, "sikukuu haiji mikono mitupu. Utanilipa ukijaliwa, na usipojaliwa hatutagombana."

Mama akauliza bei. Mgeni alicheka, akasema kwamba baina ya ndugu bei haiandikwi. Usiku mume aliporudi, mkewe alimwambia kuwa amepata ovaloki kwa mkopo. Mume, ambaye alikuwa amesimama barabarani tangu alfajiri, alisema alhamdulillahi, akalala. Hakuuliza mkopo huo ni wa nani.

Kazi ikashamiri. Mama alimchukua binti wa jirani amsaidie, akapokea malipo ya awali ya sare za mwaka mpya wa masomo unaoanza Septemba. Jioni moja ya mwezi wa Juni mumewe aliketi mezani akapiga mistari katika daftari la mtoto, ili aziandike mali zao kwanza kwa mkono kabla ya kuzituma. Aliandika kiwanja, aliandika pikipiki, aliandika akiba ya Zigama na deni lililobaki. Kisha akainua kichwa.

"Mama watoto, ile ovaloki tuiandike kwa bei gani?"

"Andika tu kwamba ni mashine."

"Bei huandikwa. Na tulikoipata pia."

Mama alikuwa akipiga pasi. Aliisimamisha pasi, akakaa kimya kidogo. "Sikuinunua, baba watoto. Wala sikuikodi. Nilipewa nikae nayo."

Katika daftari lile palikuwa na safu ya vilivyonunuliwa, ya vilivyorithiwa na ya vilivyokopwa. Kilichopewa mtu akae nacho hakikuwa na safu. Mume aliuliza ni nani aliyeitoa, akatajiwa, akaiweka kalamu chini.

"Mwezi wa Mei gari lake moja lililetwa kwangu breki zimekwisha," alisema. "Nilimpa wiki moja alitengeneze huku likifanya kazi. Na baada ya wiki ile sikulifuatilia."

"Ulijua habari ya ovaloki?"

"Sikujua. Aliniuliza hali yako na kazi yako ya ushonaji, akacheka. Nilidhani ni salamu."

Maneno hayo yalimtia mama huyo baridi kuliko habari ya fomu. Gari lile alilifahamu. Lilikuwa likishuka mteremko wa mtaa wao kila asubuhi, limejaa watu. Hata hivyo hakukubali kubeba lawama peke yake. "Mwaka mzima nilikuomba," alisema. "Wewe uliniambia ngoja. Yeye hakusema ngoja." Mume hakuwa na jibu, na kwa heshima yake hakulitunga.

Asubuhi mashine ilipakiwa katika toroli ikarudishwa. Mama alikwenda mwenyewe, pamoja na kaka yake mkubwa na mzee mmoja wa jirani wawe mashahidi, akataka karatasi iliyotiwa saini kuwa mali imepokewa. Mfanyabiashara aliona haya, kisha akakasirika. "Shemeji, mmenidhalilisha." Mama alimjibu, "Hatukukudhalilisha, shemeji. Tumekurudishia amana yako."

Hasara haikuwa ndogo. Baadhi ya wazazi walirudishiwa malipo yao wakapeleka vitambaa kwingine. Binti wa jirani alikwenda kutafuta kazi kwa fundi mwingine. Na wapo waliosema mtaani kuwa nyumba ile ina majivuno. Mume alikwenda kwa mkubwa wake akaeleza habari ya wiki ile aliyoitoa. Gari liliitwa, likakaguliwa, likazuiliwa. Yeye aliandikiwa barua ya onyo, na barua hiyo imo katika jalada lake hata leo. Hakuna aliyempigia makofi. Mwaka uliofuata mama alipata zamu yake katika kikundi cha akiba, kile ambacho Wanyarwanda hukiita ikimina, akanunua ovaloki iliyokwisha kutumika. Stakabadhi yake ameiweka ndani ya kopo la biskuti, pamoja na kadi za chanjo za watoto.

Yafaa kuuliza: katika kisa hicho, ni nani aliyefanya kazi ya ukaguzi? Umuvunyi hakuwa na habari. Karatasi ilikuwa bado haijatoka mezani. Mkaguzi wa hesabu asingeiona, kwa sababu hapakuwa na fedha ya serikali iliyopotea hata faranga moja. Kilichofanya kazi ni swali lililoulizwa ndani ya nyumba, na aliyelileta swali hilo ni sheria. Hapo ndipo ilipo faida ya sheria ya kueleza mali ambayo watu hawaitambui upesi. Ndani ya ndoa yapo maswali ambayo mapenzi huona haya kuyauliza. Mke anayemuuliza mumewe kila mara fedha imetoka wapi huitwa mwenye shaka. Mume anayemuuliza mkewe bei ya kitu huitwa bahili. Sheria huwaondolea aibu hiyo. Huwapa wote wawili ruhusa ya kuuliza, tena kwa kalamu mkononi.

Kasoro ni kwamba swali lenyewe lilikuja mwezi wa Juni, ilhali mashine ilikuja siku ya Idi. Kati ya siku hizo mbili gari lisilo na breki lilipakia abiria. Rushwa iliyo hodari haidai kitu siku inapotolewa. Hukaa kimya chumbani, ikashona sare, ikazoeleka, na siku ya kudai haihitaji hata kutaja jina lake, kicheko kinatosha. Wanyarwanda huiita kwa upole akantu, na watu wa Kenya na Tanzania huiita kitu kidogo. Udogo huo ni wa jina tu.

Askari na jamaa zao wanayo sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Februari 2017 polisi wapatao 200 waliachishwa kazi nchini Rwanda kwa sababu ya rushwa. Idadi hiyo ikisomwa gazetini huonekana kuwa ni ya sare zilizovuliwa. Kwa hakika ni idadi ya nyumba: ni kodi ambazo hazikulipwa mwisho wa mwezi ule, ni watoto walioulizwa shuleni habari za baba zao, ni wake ambao wengine walijua na wengine hawakujua. Na sheria ya Agosti 2018 ya kupambana na rushwa ilikaza kamba zaidi. Anayeomba, anayepokea na anayetoa rushwa huweza kufungwa zaidi ya miaka 5 hadi miaka 7, pamoja na faini ya mara tatu hadi mara tano ya thamani ya alichokipata. Kosa hilo halizeeki. Hata miaka ipite mingapi, mtu aweza kushtakiwa. Lakini sheria iyo hiyo imeacha mlango mmoja wazi: aliyetoa rushwa akaenda mwenyewe kutoa habari kabla uchunguzi haujaanza, huondolewa adhabu. Anayesema mapema husikilizwa kwa namna nyingine.

Fikra ya kwamba mke na mume ni kitu kimoja mbele ya maadili ya umma si ngeni katika Afrika Mashariki. Azimio la Arusha, lililotangazwa Tanzania Februari 1967, liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa wakurugenzi wa makampuni ya watu binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Tena likafafanua kwamba neno kiongozi maana yake ni mume pamoja na mkewe, au mke pamoja na mumewe. Waliolitunga walikuwa wameona mbali: walijua kwamba nyumba ya kupangisha ikikatazwa kwa bwana, kesho yake itaandikwa kwa jina la bibi. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini wazo halikufa. Mwaka 1995 Tanzania ilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi watoe tamko la mali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 nayo ilimtaka mtumishi wa umma aeleze mali yake, ya mwenzi wake au wenzi wake, na ya watoto wanaomtegemea walio chini ya miaka 18.

Wapo wanaodhani kuwa mashaka haya ni ya nchi maskini peke yake, na kwamba Ulaya watumishi ni waaminifu kwa kuzaliwa. Historia haisemi hivyo. Ni kweli kwamba Sweden ilikuwa na mtetezi wa wananchi dhidi ya ofisi za serikali tangu mwaka 1809, na kwamba Tanzania ilipounda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966 iliufuata mfano wa namna hiyo. Umoja wa Ulaya nao, kwa mkataba uliotiwa saini Maastricht mwaka 1992, uliweka mtetezi wake. Wa kwanza, Jacob Söderman wa Finland, alianza kazi mwaka 1995. Mtetezi huyo hana pingu wala gereza. Silaha yake ni kuuliza na kuyatangaza majibu.

Lakini miaka minne baadaye, tarehe 15 Machi 1999, Kamisheni nzima ya Ulaya iliyoongozwa na Jacques Santer ilijiuzulu usiku, baada ya wataalamu huru kuonyesha upendeleo na usimamizi mbovu wa fedha. Aliyeyatoa mambo mengi hadharani alikuwa mkaguzi wa ndani, Paul van Buitenen wa Uholanzi. Na malipo yake ya kwanza yalikuwa kusimamishwa kazi na kukatwa nusu ya mshahara. Miongoni mwa mambo yaliyofichuliwa ni kwamba kamishna mmoja, Edith Cresson wa Ufaransa, alikuwa amempatia rafiki yake, daktari wa meno, kazi ya ushauri. Mwaka 2006 mahakama ya Umoja huo iliamua kuwa alikuwa amekiuka wajibu wa wadhifa wake.

Tangu hapo Ulaya ilikaza uzi. Ofisi ya kupambana na udanganyifu iliundwa mwaka ule ule wa 1999, na makamishna hutakiwa kutangaza maslahi yao ya fedha, pamoja na ya wenzi wao na watoto wao wadogo pale yanapoweza kugongana na kazi. Tena matangazo hayo huwekwa mahali ambapo raia yeyote aweza kuyasoma. Pamoja na hayo, Desemba 2022 polisi wa Ubelgiji waliingia katika nyumba mjini Brussels wakakamata fedha taslimu zinazofika yuro milioni 1.5, katika uchunguzi wa rushwa uliolihusu Bunge la Ulaya. Makamu mmoja wa rais wa Bunge hilo aliondolewa katika wadhifa huo siku chache baadaye, naye alikana kutenda kosa. Ni kazi ya mahakama kusema nani ana hatia. Lakini mtu wa nyumbani aweza kuona jambo moja bila kungoja hukumu: fomu zilikuwepo, sheria zilikuwepo, mtetezi wa wananchi alikuwepo, na fedha zilikutwa pale pale zinapokutwa siku zote, ndani ya nyumba za watu.

Kwa hiyo haifai kuuliza tu nani ana sheria nzuri zaidi. Katika kipimo cha mwaka 2024 kinachotolewa na Transparency International, Rwanda ilipata alama 57 katika 100 ikashika nafasi ya 43 duniani, na zipo nchi za Ulaya zilizoachwa nyuma yake. Hilo ni la kujivunia, wala si la kulalia. Maelezo ya mali ambayo Umuvunyi huyapokea hayasomwi na wananchi. Hubaki siri ya ofisi. Ziko sababu za kulinda faragha ya watu na usalama wa jamaa zao, hasa jamaa za askari. Hata hivyo siri hiyo ina gharama yake. Jirani wa Nyamirambo anayeliona jokofu hana mahali pa kulinganisha alichokiona na kilichoandikwa, na hivyo hurudi kwenye fununu. Taifa linalotaka macho ya raia yalisaidie jicho la serikali halina budi kufikiri ni sehemu gani ya karatasi zile inaweza kufunguliwa, walau kwa wale wa vyeo vya juu, bila kumweka mtoto wa mtu hatarini. Vile vile yule anayesema ukweli alindwe kwa matendo. Sheria ya kuwalinda watoa habari ilitungwa Rwanda mwaka 2012 ikatungwa upya mwaka 2017. Lakini kisa cha van Buitenen chafundisha kuwa karatasi ya ulinzi hupimwa siku msema kweli anaporudi kazini asubuhi, akatazamwa na wenzake.

Hayo ni ya wakubwa. Ya nyumbani ni machache, na hayahitaji bajeti. Kitu kikiingia mlangoni, bei yake, mwenyewe na karatasi yake vijulikane jioni ile ile, visingoje Juni. Mgeni anayesema bei haiandikwi ashukuriwe kwa ujirani wake, kisha arudi na mzigo wake. Mume aliyeombwa mashine, au mke aliyeombwa pikipiki, asiishie kusema ngoja. Na aeleze kuna kiasi gani, deni linakwisha lini na zamu ya kitu hicho itafika mwezi gani, kwa maana haja isiyojibiwa ndiyo tundu anamopenyea mwenye zawadi.

Na zaidi ya yote, mshahara usiwe siri ndani ya nyumba. Wako wanaume wa kazi nzito na sare safi ambao kwa miaka ishirini wake zao hawajaiona karatasi ya mshahara, na wako wanawake wenye vyeo wanaowaficha waume zao vivyo hivyo. Watu hao husema wanalinda amani ya nyumba. Lakini asiyejua mshahara ni kiasi gani atajuaje kilichozidi? Atapokea, atapika, atapakua. Na siku wageni wa serikali watakapobisha hodi kuuliza mali imetoka wapi, atakuwa hana la kusema. Kata itakuwa imening'inizwa ukutani, kavu.